Ifakara imejenga juu ya majaruba, Mbingu isirudie kosa

Msafiri anayetokea Kidatu siku hizi huanza kuuona mji wa Ifakara kabla hajafika mjini. Lami ya kilomita 66.9, iliyozinduliwa mwaka 2024, imevuta kila kitu kando yake: wachomelea milango, wauza mbao, vituo vya mafuta, nyumba za kulala wageni, na misingi mingi ya nyumba iliyosimama bila kuta ikisubiri mavuno ya mwaka ujao. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo, kwa kumbukumbu ya mtu yeyote mwenye umri wa miaka 40, ilikuwa ya mpunga.

Hakuna sababu ya kuulilia mji unaokua. Kivuko cha Mto Kilombero kilizama Januari 2016, na watu wa Ulanga na Malinyi wanakumbuka jinsi safari ya kwenda hospitali ya Mtakatifu Fransisko ilivyokuwa ya kubahatisha. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilifunguliwa mwaka 2018 na kuifanya Ifakara kuwa njia panda ya kweli. Wilaya ya Kilombero ilihesabiwa watu 407,880 katika sensa ya mwaka 2012. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta wamezidi nusu milioni. Watu hao wanahitaji pa kulala, pa kusagia, pa kununulia chumvi na pa kutengenezea pikipiki. Mfanyabiashara mdogo wa Ifakara amepata wateja ambao baba yake hakuwa nao.

Suala ni mahali mji huo ulikopanukia na nani amelipwa nini.

Mkulima wa Kilombero hahitaji kufundishwa kwamba mpunga hupandwa bondeni kwa sababu maji hukaa bondeni. Jaruba ni karai la kupokea maji ya mvua na ya mto na kuyashika hadi mpunga ushibe. Likijazwa kifusi na kujengwa nyumba, maji yale hayapotei. Huenda kwa jirani. Ndiyo maana Mto Lumemo unapofurika, kama ilivyotokea mwaka 2024, wanaohama na magodoro kichwani ni wengi kuliko zamani, ingawa mto ni uleule. Nyumba zimeufuata mto. Aliyeuza jaruba aliuza akijua maji hufika wapi. Aliyenunua, mara nyingi mgeni wa mji, alioneshwa kiwanja mwezi wa Septemba, ardhi ikiwa kavu kama sakafu.

Aliyeuza naye yuko wapi? Hapo ndipo hesabu inapouma, kwa sababu wengi wao hawakuacha kilimo. Walichouza ni shamba la karibu, kisha wakaenda kukodi la mbali. Wanaishi Lipangalala, Katindiuka au Viwanja Sitini, lakini wanalima upande wa Mbingu, Mngeta na kwingineko kando ya reli ya TAZARA. Ifikapo Desemba nyumba ya mjini inafungwa au inaachiwa bibi na watoto wa shule, na wenye nguvu wanakwenda kukaa dunguni hadi mpunga uvunwe, wakilima, wakipalilia na baadaye kufukuza ndege na nguruwe.

Maisha ya nyumba mbili si mapya bondeni. Wandamba na Wabunga walikuwa na makazi ya shambani kabla ya mji kuwapo, na watafiti wa afya wa Ifakara wameandika kwa miaka mingi juu ya kuhama huku, kwa sababu familia inayolala dunguni iko mbali na zahanati na karibu na mbu. Jipya ni kwamba zamani mtu alihamia shamba lake. Sasa anahamia la kukodi, na gharama za nyumba mbili zinatoka katika gunia lilelile.

Chukua hesabu ya mfano. Kila mkulima aweke tarakimu zake mwenyewe. Ekari moja ya mpunga inatoa gunia 15, kila gunia linauzwa Sh 70,000. Jumla ni Sh 1,050,000. Ondoa trekta, mbegu, palizi, kuvuna na kupura, tuseme Sh 550,000. Inabaki Sh 500,000. Anakuja dalali na Sh milioni 4 taslimu. Kwa macho ya haraka hiyo ni faida ya miaka minane mkononi kwa siku moja, tena bila kwelea kwelea. Ni vigumu kumlaumu mtu mwenye mtoto anayetakiwa kulipiwa chuo.

Lakini ekari ina mita za mraba 4,047. Hata ikiachwa njia, inatoa viwanja vinane vya mita 20 kwa 20. Dalali akiuza kila kimoja Sh milioni 1.5 anapata Sh milioni 12. Tofauti ya Sh milioni 8 haikutokana na jembe wala tofali. Imetokana na kamba ya kupimia na kujua kwamba barabara inakuja.

Mkulima naye anarudi msimu ujao kukodi ekari moja ya mbali. Kodi Sh 100,000, kusafirisha gunia 15 hadi mjini Sh 60,000, nauli na chakula cha dunguni Sh 80,000. Ile Sh 500,000 imekuwa Sh 260,000. Kwa zao lilelile na jasho lilelile, kipato kimepungua karibu nusu kila mwaka, na zile Sh milioni 4 zimekwisha kugeuka bati, pikipiki na ada. Bati si kitu kibaya. Ila bati halizai.

Haya yote yangekuwa habari za Ifakara tu kama Mbingu isingekuwa inaelekea njia ileile.

Mbingu, kijiji ambacho jina lake huwachekesha wageni kituoni, kiko kiasi cha kilomita 60 kutoka Ifakara. Reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na vijiji vya Ujamaa vilivyopangwa kando yake ndivyo vilivyoifanya kuwa sehemu ya biashara: ndizi, mpunga na kuku vikipanda treni, nguo na sabuni zikishuka. Leo pana mashine za kukoboa, maduka ya pembejeo, fremu mpya na bodaboda wengi kuliko baiskeli. Barabara ya kutoka Ifakara, ambayo kwa miaka mingi imekuwa tope masika na vumbi kiangazi, imeshaingizwa katika mipango ya lami, na bei ya viwanja huwa haisubiri katapila. Madalali wa Kibaoni wanajua hivyo.

Tofauti kubwa kati ya Mbingu na Ifakara ni kwamba Mbingu haina pa kusogea. Upande mmoja ni milima ya Udzungwa na misitu yake ya hifadhi. Upande wa pili ni bonde oevu la Mto Kilombero, lililoingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2002, ambako kulima kwenye maeneo yaliyohifadhiwa ni kugombana na sheria. Mbele kidogo liko shamba kubwa la Mngeta lenye zaidi ya hekta 5,000. Katikati ndipo penye ukanda wa wakulima wadogo. Mkulima wa Ifakara alipouza jaruba lake alikuwa na Mbingu ya kwenda kukodi. Wa Mbingu akiuza la kwake atakwenda kukodi wapi?

Tena ardhi ya Mbingu si ya mpunga peke yake. Sehemu za miinuko zina mikakao. Kampuni ya Kokoa Kamili, iliyoanza kazi kijijini hapo mwaka 2013, ilinunua kakao mbichi kutoka kwa wakulima wadogo, ikaichachusha na kuikausha kwa ubora uliofikia watengenezaji wa chokoleti wa ng'ambo. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, kisha mwaka 2025 ikaporomoka. Bei hiyo haikai mahali pamoja, na anayeng'oa mpunga wote kwa sababu ya mwaka mmoja mzuri atajuta. Hata hivyo mkakao uliokwisha kuzaa una miaka mingi mbele yake, na uko palepale kwenye mwinuko na kando ya njia ambako mtaka kiwanja anapapenda. Bei ya ardhi yenye mti unaozaa haiwezi kukadiriwa kama ya kichaka. Inakadiriwa hivyo kila siku, kwa sababu mwenye mti hajawahi kuandika amevuna kilo ngapi.

Wapo wanaosema mkulima ana haki ya kuuza mali yake na asipangiwe. Ni kweli, na anayetaka kumzuia mwenye shida asiuze lazima kwanza amwoneshe pa kukopa. Lakini kuuza kuna namna. Programu ya kuwezesha umilikishaji wa ardhi iliyofanyika Kilombero, Ulanga na Malinyi kati ya 2016 na 2019 ilipima vijiji na kutoa hatimiliki za kimila kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Kuna familia ambazo hati hizo zimelala sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo. Hati hiyo inatambua haki sawa na hati nyingine yoyote. Eneo likitwaliwa kwa ajili ya mji au barabara, mwenye haki ya kimila anastahili fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Aliyekwisha kuuza kwa karatasi ya daftari mbele ya mashahidi wawili hana cha kudai. Fidia inakwenda kwa aliyenunua.

Kwa hiyo wenye mashamba yanayopakana na barabara na kituo cha reli wana njia nyingine. Badala ya kila mmoja kumwita dalali wake, kumi wakae pamoja, waombe Halmashauri ya Mlimba iwapangie na kuwapimia, wachangie gharama kwa kuuza viwanja vichache, na vilivyobaki viwe vyao. Anayebaki na viwanja vinne vilivyopimwa anaweza kuuza kimoja akifiwa, kujenga fremu mbili za kupangisha kwenye kingine, na kuwaachia watoto viwili. Kazi hiyo inataka kuaminiana, na kwa kusema kweli ndiyo inayoshinda vikundi vingi. Inataka pia halmashauri isiyochelewesha ramani hadi nyumba zijengwe, halafu ije na rangi nyekundu ya alama ya X.

Ramani hiyo ianze na kusema pasipojengwa. Majaruba ya chini, yanayoshika maji hadi Mei, yabaki ya mpunga. Nyumba zipande kwenye ardhi kavu hata kama ni mbali na barabara kwa mwendo wa dakika kumi. Mbegu kama Saro 5 na mafunzo ya kilimo shadidi yameonesha kwamba ekari ileile inaweza kutoa gunia zaidi ikipata maji, nafasi na palizi kwa wakati. Haya hayawezekani kwenye jaruba ambalo mfereji wake umezibwa na ukuta wa mtu.

Wenye maduka wasidhani hii ni kesi ya wakulima. Kila mwenye duka bondeni anajua kwamba Juni na Julai hauzi kwa sababu ya ujanja wake bali kwa sababu mpunga umetoka, na kwamba Februari daftari la mikopo hujaa majina ya walewale. Mteja mwenye ekari tatu zake analipa deni akivuna. Anayekodi hulipa kwanza kodi, kisha gari, kisha trekta, na duka hupata kinachobaki. Mama lishe, fundi cherehani na mwenye mashine ya kukoboa wako kwenye foleni hiyohiyo. Mji wenye nyumba nyingi na mashamba machache unaonekana tajiri wakati wa kujenga tu.

Kisheria mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na ndio wenye sauti juu ya mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Katika vijiji vingi mkutano huo husomewa mapato na matumizi, watu wakasinzia, wakatawanyika. Safari hii viongozi wa Mbingu na vijiji jirani waweke ajenda moja juu ya nyingine zote: majaruba gani hayatakatwa viwanja, na nani atakwenda halmashauri kufuata wapimaji. Iamuliwe kiangazi hiki, watu wakiwa nyumbani, kabla hawajarudi dunguni na kuwaachia madalali kijiji.