Kimaori Katika Ngurumo za Gitaa

Huenda mtu akaamini kwamba lugha hulindwa na kamusi na sheria pekee. Bendi ya Alien Weaponry ya New Zealand inaitia imani hiyo mashakani. Iliundwa mwaka 2010 na ndugu wawili, Henry na Lewis de Jong, wakiwa na umri wa miaka 10 na 8, baada ya kusomea katika shule inayofundisha kwa Kimaori. Walichagua thrashi, tawi la muziki wa metali lenye ngoma za kasi na sauti kali, ambalo aghalabu huimbwa kwa Kiingereza.

Wapo wanaodai kuwa katika makelele hayo maneno hupotea. Dai hilo lina uzito, lakini linasahau kwamba haka ya Wamaori nayo ni ukelele na kishindo cha miguu, na maana yake haikupotea. Wimbo wao "Raupatu", katika albamu ya Tū (2018), unahusu sheria ya mwaka 1863 iliyoiruhusu serikali kutwaa ardhi ya Wamaori. Uchungu wa kisa hicho hauwezi kuimbwa kwa sauti ya kubembeleza.

Kimaori kilifanywa lugha rasmi mwaka 1987. Sheria ilikipa hadhi. Bendi hii, ingawa huimba pia kwa Kiingereza, ilikifikisha hadi tamasha la Wacken, Ujerumani, mwaka 2018. Lugha ambayo vijana hawaruhusiwi kuipigia kelele huzeeka pamoja na walimu wake.