Mashine Kubwa kwa Chipu Mbili

Maneno ya fundi mwenzetu yameshazunguka Mpanda nzima, toka vibanda vya simu hadi kwa vijana wa Katumba, kwa hiyo sitayarudia yote. Kiini chake ni hiki: anayeanza kuchezea mikrokontrola asijisumbue na USBasp, kifaa cha bei poa cha kuflashi chipu, yaani kuiingizia programu; anunue mashine kubwa inayosoma chipu za kila aina, mfano T48 ya XGecu, amalize kazi. Nimemsikiliza mara mbili, bila kumkatiza. Sasa naomba mniazime masikio ninyi, halafu mkate shauri.

Alianza na umbali. Kariakoo haiko hapa, alisema. Kifaa kikifa utasubiri kingine kije na basi, basi bora kimoja imara. Umbali nakubali. Ninachokataa ni hesabu iliyofuata. Ikiwa kifaa chochote kinaweza kufa na barabara ni ndefu, mwenye akili huweka akiba, na kwa bei ya mashine ile moja unapata USBasp zaidi ya kumi. Yangu ikifa Jumamosi usiku, ya pili iko kwenye droo. Yake ikifa, anakwenda stendi kuulizia mzigo. Shahidi aliyemleta mwenyewe amesimama upande wangu.

Hoja ya pili ndiyo iliyowatisha wengi: USBasp za Kichina ni feki, na ushahidi ni kwamba zinakataa chipu mpya. Kwanza, feki ya nini? Thomas Fischl, Mjerumani aliyeibuni, aliweka mchoro na programu yake hadharani chini ya leseni ya GPL. Anayeitengeneza Shenzhen haibi kitu.

Ama hilo la kukataa, ni kweli linatokea, na limenitokea. Nilichomeka ATmega328P mpya kabisa kwenye bredibodi, nikaunganisha waya sita, nikaita programu ya avrdude, nikajibiwa kwamba chipu haiitikii. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha chipu. Nusu saa nzima nilikuwa namlaani Mchina asiye na kosa. Sababu yenyewe imeandikwa kwenye karatasi ya data ya chipu: ATmega328P hutoka kiwandani ikienda kwa megahezi 1 tu, kwa kuwa saa yake ya ndani ya megahezi 8 imegawanywa kwa nane. Mapigo ya kuiflashi lazima yawe chini ya robo ya kasi hiyo, yaani chini ya kilohezi 250. USBasp kwa kawaida hupiga kwa 375. Ni kama kumsomea mtu barua haraka kuliko anavyoweza kuandika. Dawa ni kuongeza -B 10 kwenye amri ya avrdude. Kama kifaa kimekuja na programu ya zamani na kinalalamika kwamba hakiwezi kubadili mapigo, yapo matundu mawili yaliyoandikwa JP3 kwenye bodi: yaunganishe kwa tone la risasi. (Mji ambao reli yake ya kwenda Kaliua ilijengwa kwa sababu ya risasi ya mgodi wa Mukwamba hauwezi kushindwa na tone moja.) Nilipoweka tone langu, saini ya chipu, 1E 95 0F, ikasomeka papo hapo. Kifaa ni kilekile, chipu ni ileile.

Tatu, fyuzi, si zile za kuungua bali mipangilio iliyo ndani ya chipu. Anasema anayeanza ataikosea, chipu itakuwa jiwe, na volti 12 za mashine kubwa pekee ndizo zitaifufua. Hapa amechanganya makosa mawili. Ukizima pini ya riseti, kweli unahitaji volti 12. Lakini kosa la kila siku ni kuiambia chipu itegemee kristali wakati kristali haipo, na hilo linaponywa na kristali yenyewe: ya megahezi 16 kati ya pini 9 na 10 za ATmega328P, na kapasita mbili za pikofaradi 22. Tena mtu huyuhuyu, dakika kumi kabla, alikuwa amewaonya vijana wasiguse fyuzi hata kidogo. Kama hawazigusi, volti 12 ni za nini?

Nne, alitutisha kwamba umeme ukikatika katikati ya kuflashi, chipu itaharibika. Hofu hiyo ameitoa kwenye kuflashi simu. Laptopu ina betri, nayo ndiyo inayoilisha USBasp. Na hata waya ukichomoka, njia ya kuingilia chipu imo kwenye silikoni yenyewe. Unarudia amri, basi.

Mwisho akasema asiye na hela atumie Arduino Uno kama kifaa cha kuflashia. Inawezekana: unapakia ArduinoISP, unaweka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya riseti na graundi, kazi inakwenda. Ila Uno aliyoinyanyua kutuonyesha ilikuwa na chipu ya CH340, yaani nakala ya Kichina ya muundo uliowekwa hadharani. Nakala moja ni takataka, nyingine ni ushauri. Atuchagulie.

Mahali alipokuwa na haki ya kunibana hakupagusa. USBasp nyingi hupeleka volti 5 kwenye waya za data hata jampa ikiwa kwenye 3.3, kwa hiyo ukiwa na kadi ya SD kwenye bodi hiyohiyo, ichomoe kwanza. Na mwenye PIC, STM32 au ESP32 asinunue USBasp kabisa, haizijui.

Kijana mmoja alimuuliza mezani kwake ana chipu gani. Akataja ATmega328P ya kutotoleshea mayai, na ATtiny85 ya taa ya sola.