Je, Ni Lazima Tumpende Ndipo Tumtazame?

Lipo lalamiko nililolisikia mara nyingi barazani, na hata katika nyumba za watu wenye heshima zao, nalo ni kwamba michezo ya televisheni ya siku hizi haina watu wema. Mwenye kulalamika husema kuwa zamani mchezo ulikuwa na mtu mmoja ambaye moyo wa mtazamaji ulimwelekea: mpole, mkweli, mwenye kuonewa, na mwisho haki yake akaipata. Sasa, asema, kila aingiaye ni mwongo, au mwizi, au mke mwenza mwenye sumu kifuani, na watoto wetu hukaa mbele ya watu hao saa nzima wasitake hata kuitwa kula. Wapo na wanaokwenda mbele zaidi, wakasema kwamba mchezo usio na mtu wa kupendwa hauwezi kudumu. Watazamaji watauchoka wauache.

Maneno hayo mawili hayafanani, na ni vyema kuyatenga. La kwanza ni la malezi, nami nitalirudia. La pili ni la utungaji, na ushahidi tulio nao unalikataa.

Chukua ule mchezo wa Kituruki uitwao Muhteşem Yüzyıl, ambao Waarabu waliutia lugha yao wakauita Harim al-Sultan. Ulianza kuonyeshwa Uturuki mwezi wa Januari 2011 ukamalizika Juni 2014, vipindi 139. Kisa chake ni cha Sultani Suleiman, aliyetawala dola ya Uthmaniya tangu 1520 hata 1566, na mkewe Hürrem. Kabla haujafika mbali, idara ya serikali inayosimamia utangazaji ilikuwa imepokea malalamiko zaidi ya 70,000. Novemba 2012 Recep Tayyip Erdoğan, wakati huo akiwa Waziri Mkuu, aliulaani hadharani, akisema kwamba babu yao huyo maisha yake aliyapitisha juu ya farasi, si katika mambo yale yanayoonyeshwa ya jumbani. Hasira yote hiyo ilikuwa kwa ajili ya Sultani. Lakini watu hawakuwa wakikaa kila wiki kwa ajili ya Sultani. Walikaa kwa ajili ya Hürrem.

Na Hürrem si mtu wa kupendeka. Ni mjakazi aliyetekwa katika nchi ambayo leo ni Ukraine, akauzwa, akaingizwa jumbani hana baba wala ndugu. Humo alisema uongo, akafitini, akagombanisha. Katika mchezo mkono wake umo katika kuuawa kwa Ibrahim Pasha, waziri mkuu na rafiki wa Sultani tangu ujanani, aliyeuawa 1536. Umo pia katika kuuawa kwa Mustafa, mwana mkubwa wa Suleiman kwa mke mwingine, aliyenyongwa 1553 katika kambi ya jeshi kwa amri ya baba yake mwenyewe. Hakuna mama wa Kiswahili ambaye angemtaka mwanamke huyu awe mkwewe.

Basi kilichowafunga watu ni nini? Nadhani ni jambo moja ambalo Meral Okay, mtunzi wa mchezo huo aliyefariki Aprili 2012 kazi ikiwa bado haijaisha, aliliweka wazi mapema. Katika dola ile palikuwa na kanuni, iliyotokana na zama za Sultani Mehmed aliyeiteka Constantinople, kwamba mwana akikalia kiti anayo ruhusa ya kuwaua ndugu zake ili nchi isigawanyike. Hürrem alikuwa na wana wa kiume. Mustafa akitawala, wana wa Hürrem ni maiti. Akilijua hilo, mtazamaji hana tena haja ya kumpenda mwanamke huyu ndipo amfuate. Kila uongo wake una bei yake, na kila akinyamaza mtazamaji anajua anamwogopea nani. Mtu humlaani huku akijiuliza: mimi ningefanyaje?

Februari 2014 kilipoonyeshwa kipindi cha kuuawa kwa Mustafa, Waturuki walilia majumbani, na watu wakamiminika kuzuru kaburi lake mjini Bursa, kaburi la mtu aliyekufa miaka zaidi ya 450 nyuma. Mustafa ndiye aliyekuwa mpendwa wao, hilo halina shaka. Lakini wiki iliyofuata walirudi mbele ya yule yule mwanamke aliyemchongea, na mchezo ukaendelea miezi mingine minne bila ya huyo mpendwa.

(Na watu hao si wageni kabisa kwetu. Hürrem alifariki 1558, na hata miaka 30 haikutimia kabla Amir Ali Bey hajafika pwani hii na merikebu za Kituruki, 1585, kisha akarudi, hata Wareno wakamkamata hapa Mombasa mwaka 1589. Mchezo wa hayo bado hatujautunga.)

Mfano wa Marekani nitaupitia mbiombio. Dallas, ulioanza 1978, ulikusudiwa uwe kisa cha Bobby na Pamela, kijana na msichana wa koo mbili zenye uadui. Wote wawili walikuwa wazuri wa sura na wazuri wa tabia, na karibu wangesahauliwa, maana nyuma yao alisimama J.R., kaka yake Bobby, tajiri wa mafuta asiye na haya, akautwaa mchezo wote. Alipopigwa risasi Machi 1980 watu walingoja miezi minane kujua nani aliyempiga, na usiku wa jibu, Novemba 21, Wamarekani wapatao milioni 83 walikuwa mbele ya televisheni. Hawakuwa wamekuja kumwombea.

Wala tusidhani kwamba jambo hili tumeletewa na televisheni. Kisa kikubwa kuliko vyote katika pwani yetu, cha Fumo Liyongo, kinasimama juu ya mtu wa kuchukiza. Liyongo mwenyewe ni shujaa, malenga, mtu wa kupendwa na kila asikiaye. Lakini Liyongo hadhuriki kwa silaha, na kama angebaki yeye peke yake, kisa kingekuwa ni orodha ya ushindi. Kinachotufanya tusogee karibu na msimulizi ni yule mwanawe, aliyeahidiwa uwaziri na binti wa mfalme ili aende akamuulize baba yake, kwa sauti ya mapenzi, ni kitu gani kiwezacho kumuua. Baba anamjua mwanawe anataka nini, na bado anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Tangu utotoni nimekisikia kisa hiki na sijapata kumpenda mtoto yule hata dakika moja. Lakini bila yeye nisingekikumbuka.

Hata mwema akiwa ndiye mwenye kisa, wema wake peke yake hautoshi. Sheikh Shaaban Robert alilijua hilo. Katika Adili na Nduguze, kilichochapishwa 1952, Adili ni mwema kama jina lake, na msomaji angesinzia. Lakini mapema tunaelezwa kwamba mtu huyu mwema huwapiga manyani wawili kila usiku. Kwa nini? Hapo usingizi unaruka, na tunafuata mpaka tujue kwamba manyani hao ni nduguze, Hasidi na Mwivu.

Hapa ndipo ninapogombana kidogo na baadhi ya michezo yetu ya Kenya. Ipo, sitaitaja, ambayo msichana wake hana kazi ila kuonewa. Mama wa kambo humpiga, tajiri humfukuza, naye hulia. Huruma ni mali inayokwisha upesi. Baada ya wiki tatu mtazamaji ameshajua kwamba leo pia atalia, akainuka kwenda kupika. Maria, ulioanza kutolewa na Citizen 2019, ulifanya vyema zaidi, kwa kuwa msichana wake wa mtaa wa mabanda hakuwa wa kulialia. Ulimi wake ulikuwa mkali. Kampuni iliyoutoa, Jiffy Pictures ya Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla, ilikuja baadaye na Sultana, 2022, kisa cha pwani cha msichana kipofu, na wengi wetu tulifurahi kuisikia lafudhi yetu ikisemwa bila ya kufanyiwa mzaha. Bado nangoja mchezo wa pwani ambao mtu wake mkubwa ni mkosefu.

Nasema nangoja, nikijua kuwa mzazi mwenye lile lalamiko la kwanza atanikasirikia. Hofu yake si ya bure, na mfano unaoithibitisha kuliko yote ni Breaking Bad, mchezo wa Kimarekani wa vipindi 62 uliotolewa tangu 2008 hata 2013. Walter White ni mwalimu wa kemia katika mji wa Albuquerque. Anaambiwa ana saratani ya mapafu, na kwa kuwa hana akiba, anaanza kupika dawa za kulevya ili mkewe na wanawe wasiachwe mikono mitupu. Hapo kila mtu alimhurumia. Kisha anaua, anamwacha msichana afe mbele ya macho yake, anamtilia mtoto mdogo sumu, na fedha zinazidi mahitaji yote aliyoyataja. Katika kipindi cha mwisho anamkiri mkewe kwamba alifanya yote kwa ajili ya nafsi yake.

Mtazamaji hakumwacha, na hilo halinishangazi. La kushangaza ni walivyomtenda mkewe. Skyler alipoigundua biashara hiyo alipinga, akataka watoto wake waondolewe katika hatari. Naye ana makosa yake, maana baadaye aliingia katika kuzisafisha fedha hizo. Lakini watazamaji wengi walimchukia kwa ule upinzani wake, chuki ambayo ilimpita yeye ikamfikia mchezaji mwenyewe, Anna Gunn, hata Agosti 2013 akalazimika kuandika katika New York Times juu ya matusi na vitisho alivyokuwa akipata. Muuaji alipendwa, na mwenye kumzuia akaonekana msumbufu. Akipenda, chongo huita kengeza.

Hayo si makosa ya kumfanya mwovu kuwa mtu mkubwa wa mchezo. Hürrem naye ni mwovu, lakini Mustafa tulimjua kwa sura, kwa mama yake, kwa askari waliompenda. Alipokufa tulijua ni nani aliyekufa. Na tarehe haikumsaza Hürrem: wanawe aliowapigania waligeukiana baada ya kifo chake, na Bayezid akauawa 1561 pamoja na watoto wake. Katika Breaking Bad, waliotumia ile dawa aliyoipika Walter wanapita mbele yetu mara chache mno. Tunamwona mpishi jikoni, hodari, msafi wa kazi. Wanaokila chakula chake wako mbali.

Sisi wa Mombasa, Malindi na Lamu hatuwezi kuwaweka mbali hivyo. Unga umeingia majumbani mwetu, na mama ambaye mwanawe ni teja, aliyeuza kwanza simu yake, kisha redio ya nyumba, kisha dhahabu za dada yake, huyo hamwoni Walter White kuwa ni fundi. Mchezo huo ungetungwa hapa, muuza unga mwenyewe akawa ndiye mtu mkubwa wake, mwenye ucheshi, mwenye kutoa sadaka siku ya Ijumaa, anayeogopa kurudi katika umaskini aliozaliwa nao, mimi ningeutazama kila wiki. Sharti langu ni kwamba mama yule naye awe na mlango katika mtaa huo huo, na kamera iingie kwake mara kwa mara, isikimbilie kutoka.