SEHEMU YA 4: Gari la mashindano, mtoto mapajani

Leo naongea na akina baba pia, na najua kuna watakaonuna. Nuneni, ila someni mpaka mwisho.

Zile Subaru Impreza zinazotuamshia watoto saa sita usiku kutoka Impala kuja huku kwetu, sifa yake ilitoka kwenye mashindano. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kule Kenya akiwa na Impreza. Mwaka uliofuata kiwanda kikatoa 22B, Impreza ya barabarani yenye umbo la ile ya mashindano, na kwa soko la Japani zilitengenezwa 400 tu. Machalii wetu hawana 22B. Wananunua Impreza iliyotumika, wanafunga turbo kubwa, wanabadilisha bomba la moshi, wanaweka rimu na stika. Basi, gari la rali limefika mtaani.

Gari zuri, sibishi. Hata mimi ule mlio naupenda mchana. Lakini jiulizeni: kwenye lile gari la McRae tumechukua nini, tumeacha nini?

McRae alivaa helmeti. Alifungwa mikanda mabegani na kiunoni. Ndani kulikuwa na fremu ya vyuma, gari likipinduka paa lisimbonyee. Pembeni yake alikaa mtu wa kumsomea kila kona inayokuja. Na kwa kuwa Safari ya miaka ile ilipita kwenye barabara zisizofungwa, timu kubwa zilirusha helikopta mbele kuangalia ng'ombe na watu.

Sasa njoo Kijenge. Helmeti hakuna. Vyuma hakuna. Helikopta ndiyo kabisa! Kiti cha mbele amekaa mama, mtoto yuko mapajani, na mkanda mmoja umewazungushia wote wawili. Wakigonga, uzito wa mama unambana mtoto kwenye ule mkanda.

"Nilimshika vizuri, nesi." Hayo maneno niliambiwa zamu ya usiku na mama aliyevunjika mkono, mtoto wake chumba cha pili anashonwa kichwa. Na kweli alimshika. Shida ni kwamba gari likigota ghafla kwenye mwendo wa 50, mtoto wa kilo 12 anakuvuta kama mzigo wa kilo 150 au zaidi. Hilo ni gunia moja na nusu la mahindi. Nani kati yetu ana mikono hiyo?

Na 50 ndiyo mwendo halali wa mjini. Ukienda 100, nguvu ya kugonga haiwi mara mbili, inakuwa mara nne.

Baba atasema, "Mimi nimefunga breki kubwa." Hongera. Lakini kwenye 100 gari linakula mita 28 kila sekunde. Ile sekunde moja ya kushtuka, mguu haujafika hata kwenye breki, umeshamfikia mtoto wa jirani anayevuka kwenda dukani.

Kiti cha mtoto cha kwenye gari, kikifungwa sawasawa, kinapunguza vifo vya watoto wadogo kwa zaidi ya nusu. Nikiuliza kwa nini hakipo, najibiwa ni ghali. Ghali? Na zile rimu nne ulipewa bure?

Mnanunua mbio, ulinzi mnauacha dukani. Huo siyo urali, ni uzembe wenye mlio mzuri.

Na sisi akina mama tujisemeshe pia. Tuache kurekodi video ya spidi huku mtoto kasimama katikati ya viti. Wewe ndiye abiria, una mdomo. Sema: kabla ya rimu, kiti. Kabla ya turbo, kiti. Hakuna kiti, mtoto hapandi gari la mbio. Akinuna, anune. Mume aliyenuna anabembelezwa jioni ikaisha. Mimi zamu ya usiku nimeona yasiyobembelezeka.

Sehemu ya 5 kesho: namna ya kukifunga hicho kiti, na kwa nini kinakaa nyuma. Mtumie baba watoto hii.