Gabbar Hatatuokoa

Katika filamu ya Kihindi "Gabbar Is Back" (2015), Akshay Kumar huwateka maafisa wala rushwa na kumwua aliyewazidi wote, nasi twashangilia. Kesho yake, hapa Lubumbashi, twatoa "madesu ya bana" ili karatasi yetu itangulizwe. Je, twataka muuaji atusafishie nchi tunayoichafua wenyewe?

Floribert Bwana Chui, mkaguzi wa bidhaa huko Goma, hakumwua mtu. Alikataa hongo ya kupitisha chakula kilichoharibika, akauawa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenye heri.

Basi tusimngojee Gabbar. Tuikatae hongo ya kwanza tutakayodaiwa, hata karatasi ikichelewa.