Shilingi Sufuri, Senti Sufuri



Nilipopita shuleni muhula uliopita, wanafunzi wa kidato cha tatu walinipeleka kuona chumba cha kompyuta, nao walikuwa wakijisifu kwa jambo moja tu, kwamba mashine zao ni za mbio. Sikutaka kuwaharibia furaha yao siku ile. Lakini leo nasema wazi: mbio za mashine si hoja. Hoja ni njia ambayo mashine imepewa kuifuata, na njia hiyo yafaa ifundishwe kwanza kwa kadi na penseli, kabla mtoto hajaruhusiwa kugusa kitufe hata kimoja.

Nina sababu ya kusema hivi, nayo si ya kujivunia.

Nilipotoka shule nilijifunza kuandika programu, nikarudi Busia na majivuno mengi. Mama yangu mdogo ni mweka hazina wa chama cha akina mama wauzao mahindi na omena pale mpakani (ng'ambo ya pili omena huitwa mukene, lakini samaki ni yule yule). Wengine hulipa kwa shilingi za Kenya, wengine kwa shilingi za Uganda, na hesabu yote huwekwa kwa za Kenya. Kazi hiyo mama mdogo aliifanya kwa daftari miaka mingi. Mimi nikamwambia daftari ni mambo ya kale, alitupe. Nikamwandikia programu: mwanachama akiisha kulipa deni, jina lake hutoka katika orodha ya wadaiwa, na aliyemo orodhani hapewi mkopo mpya.

Januari ikaja, wakati wa karo. Orodha ikasomwa mbele ya wote. Lilisomwa jina la mama mmoja mjane, ambaye wiki ile ile alikuwa amemaliza kulipa, kisha likafuata deni lake: shilingi sufuri, senti sufuri. Watu wakacheka.

Yule mama akasimama akauliza, "Kama ni sufuri, mbona naitwa?"

Hakuna aliyemjibu. Mkopo akanyimwa, maana kanuni ni kanuni, na mwanawe akakaa nyumbani wiki mbili wenzake wakisoma. Wengine walianza kunong'ona kuwa mweka hazina ana lake jambo. Nami nilikuwa nimeketi pale pale, nikiwahakikishia watu wazima kuwa kompyuta haikosei!

Ilinichukua siku kadhaa kuona kosa, na nililiona kwa msaada wa lile daftari, ambalo mama mdogo alikuwa amelificha asilitupe. Kosa ni hili. Sisi twahesabu kwa kumi, lakini kompyuta zetu huhesabu kwa mbili. Nusu wazijua, robo wazijua, na thumuni, yaani sehemu ya nane, wazijua vilevile, kwa kuwa zote hupatikana kwa kukata katikati. Lakini sehemu ya kumi haipatikani hivyo. Kata katikati mara elfu, hutaifikia. Ni kama wewe unapogawanya 1 kwa 3: waandika 0.333 na kuendelea mpaka karatasi iishe, na bado hujamaliza. Basi mashine nayo hukata tamaa mahali fulani na kuweka namba iliyo karibu. Mwanafunzi asiyeniamini na aiambie programu ya Python ijumlishe 0.1 na 0.2. Haitamjibu 0.3. Itamjibu 0.30000000000000004.

Mimi niliweka deni la yule mama kwa shilingi na nukta, nikatoa malipo yake moja moja, kila moja limekatwa vizuri kwenye senti. Mwisho kikabaki kipande kidogo kuliko sehemu moja ya milioni ya senti. Kioo kilionyesha 0.00, maana nilikiagiza kionyeshe tarakimu mbili tu. Lakini programu ilipojiuliza, "Je, ni sufuri?" ikajijibu, "Siyo." Mashine haikudanganya, nami sikuwa na wa kumlaumu ila mimi.

Wakubwa kuliko mimi wamenaswa na jambo hili hili. Tarehe 25 Februari 1991, katika vita vya Ghuba, mtambo wa Marekani wa Patriot uliowekwa Dhahran, Saudia, ulishindwa kulizuia kombora la Iraki, na askari 28 wakafa. Saa ya mtambo ule ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde. Baada ya kufanya kazi kama saa 100 bila kuzimwa, vipande vilivyopotea vilikuwa vimejumlishana hata kufikia kama theluthi ya sekunde. Kwa kitu kiendacho kasi kama kombora, theluthi ya sekunde ni mbali sana.

Hapa niseme kidogo kando. Rupia iliyotumiwa nchi hizi zamani ilikuwa na pesa 64, na neno letu "pesa" latoka huko huko. Nusu yake 32, robo 16, thumuni 8. Kompyuta ingeipenda mno rupia ile! Tangu tulipochukua senti 100, pamoja na faida zake zote, tumeipa mashine kazi isiyoipenda. Tena si kila mashine ilihesabu kwa mbili: ile ENIAC waliyoonyeshwa watu Marekani mwaka 1946 ilihesabu kwa kumi kama sisi.

Dawa ni rahisi, hata yatia haya. Weka fedha kwa senti, namba nzima, bila nukta. Shilingi 357 na senti 14 iwe 35,714, basi. Hapo mashine haikosei hata chembe. Lakini hapo hapo utalazimika kuamua jambo ambalo nukta ilikuficha. Tuseme shilingi moja ya Kenya ni 28 za Uganda, na mama mmoja ameleta 10,000 za Uganda. Ukigawanya wapata senti 35,714 na kipande. Kipande hicho ni cha nani? Cha mama, cha chama, au cha mwandika programu? Wabadilishaji fedha wa Busia hawakusoma vitabu vya kompyuta, lakini swali hili walijibu zamani, nao hulijibu kila saa, na kwa kawaida hujijibu wenyewe! Chama chetu kilikaa kikaamua kuwa kipande kiwe cha mlipaji, senti ipandishwe. Uamuzi kama huo hauwezi kuachiwa mashine.

Sasa juu ya kupanga na kutafuta. Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye hunibishia kuwa siku hizi mashine hujipangia yenyewe, tusisumbue watoto. Haya, tufanye hesabu. Chukua karatasi za mtihani 600. Ukitafuta iliyo ya kwanza katika zote, kisha ya kwanza katika zilizobaki, na kuendelea hivyo, utalinganisha mara 179,700. Lakini ukipanga mafungu madogo madogo, kisha ukayaunganisha mawili mawili kwa kutazama karatasi ya juu tu ya kila fungu, hutafika mara 5,000. Njia hiyo ya pili John von Neumann aliiandikia kompyuta mwaka 1945. Fanya majina yawe milioni moja, na mashine iwezayo kulinganisha mara milioni 100 kwa sekunde: njia ya kwanza itachukua zaidi ya saa moja na dakika ishirini, ya pili haimalizi sekunde. Mashine ni ile ile.

Tena yako mambo ambayo kitabu cha ng'ambo hakitakuambia. Mwalimu mmoja alitushauri tugawe karatasi kwa herufi ya kwanza, mafungu 26. Ni shauri zuri kwingine. Lakini huku kwetu, kati ya Tororo na Busia, wavulana wa Kipadhola na wa Kiteso ni Owori, Okoth, Opio, Omoding. Wasamia ni Wandera, Wanyama, Wafula. Tulipata fungu la O na fungu la W marefu kama mwamba wa Tororo, na mafungu mengine karibu matupu. Kupanga kukaanza upya.

Kutafuta ni mambo mepesi kama orodha imekwisha pangwa. Fungua katikati, tupa nusu isiyofaa, fungua tena katikati. Majina 600 hayahitaji zaidi ya mara 10, na milioni moja ni mara 20. Lakini ukitaka jina moja tu, tena mara moja tu, usipange kabisa. Soma toka juu hadi chini, ukalale. Nimeona vijana hodari wakipanga orodha nzima ili wamtafute mtu mmoja.

Kwa hiyo naomba walimu watupe Jumamosi moja ya muhula ujao. Kadi 600 nimekwisha zikata, na majina nimeyaandika, ya O na ya W kwa wingi kama yalivyo katika rejesta zetu. Nitakuja pia na ile programu ya kwanza, yenye kosa lake, nisiirekebishe, ili kidato cha tatu wanitafutie shilingi sufuri ilikojificha. Waje na penseli. Mama yangu mdogo asema naye atakuja, na daftari lake.