Lute ni Udi Uliovuka Bahari

Wako miongoni mwetu watu wa elimu ambao, kila wasikiapo udi na kanuni vikitajwa katika taarabu, hudhani kwamba lugha yetu imeazima majina ya ala zake kwa majirani, ilhali Kiingereza kilijitungia yake chenyewe. Na dhana hiyo, kwa rai yangu, haina msingi.

Neno lute Waingereza walilipokea kwa Wafaransa, lakini asili yake ni al-ud la Kiarabu, yaani mti, nalo liliingia Ulaya kwa njia ya Andalusia, kule ambako Ziryab, fundi aliyetoka Baghdad, aliwasili Córdoba mwaka 822 na kuitukuza ala hiyo barazani kwa amiri. Wazungu, kwa kutotambua kwamba ile al ya mbele ni kiungo cha sarufi tu, wakaimeza lamu yake pamoja na jina, hata leo Mwingereza asemapo lute hutamka kipande cha nahau ya Kiarabu pasi na kujua. Sisi wa pwani tulikiacha kiungo hicho, tukaliita udi, kwa ala na kwa ule mti wa manukato tuufukizao arusini. Na hapo, nathubutu kusema, sikio letu lilikuwa makini zaidi.

Kanuni nayo ina nasaba ndefu: Wayunani waliita kanon fimbo nyoofu ya kupimia, Waarabu wakaifanya sheria na kisha ala ya nyuzi nyingi, na Waingereza, waliolipata kwa Kilatini, huita canon wimbo ambao sauti ya pili huifuata ya kwanza nyayo kwa nyayo.

Ama piano, ni Kitaliano. Yapata mwaka 1700, Bartolomeo Cristofori aliunda huko Florence kinanda kilichotii uzito wa kidole, kikatoa sauti nyororo au ya kishindo kadiri mpigaji apendavyo. Kikaitwa piano e forte, taratibu na kwa nguvu. Waingereza, baada ya muda, wakabakiza upole wakakitupa kishindo, jambo ambalo jirani wa mwanafunzi wa piano hataliafiki kamwe.

Basi ningewaomba watungaji wa kamusi zetu, waandikapo kwamba gitaa ni neno la Kiingereza, waongeze walau mstari mmoja: kwamba Kiingereza nacho kililipata kwa Kihispania, na nyuma ya Kihispania iko kithara ya Wayunani.